Nimeona kwa Macho Yangu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa umbo lililo bora, akatupa masikio na macho na nyoyo. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, hakuna neno linalokata mabishano katika baraza zetu kama neno hili: “Nimeona kwa macho yangu.” Watu hubishana tangu baada ya sala ya alasiri mpaka jua lakaribia kuchwa, huyu asema hivi na yule asema vile, kisha mmoja wao akaapa ya kwamba yeye ameona kwa macho yake, na hapo ndimi zote zikanyamaza. Hakuna aulizaye tena. Hakuna amwambiaye: Ulikuwa wapi ulipoona? Mwangaza ulikuwa kiasi gani? Na je, hayo uyasemayo ndiyo yaliyoingia jichoni mwako, au ndiyo yaliyotoka moyoni mwako?

Katika darsa zetu za hivi karibuni tulitazama mlango wa mwanzo wa elimu ya nafsi, ile ambayo mashuleni huitwa saikolojia. Na mlango wenyewe wahusu hisi za binadamu, na namna atambuavyo vitu vilivyomzunguka. Wako waliouliza: Elimu hii yatufaa nini sisi, watu wa sala na saumu? Jawabu la swali hilo ndilo tuliloandika hapa, nalo si jawabu dogo, kwani ndani yake mna heshima za watu, na pengine damu zao.

Mwenyezi Mungu atukumbusha katika Suratun-Nahli, aya ya 78, ya kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui kitu, akatujaalia kusikia na kuona na nyoyo ili tupate kushukuru. Kisha katika Suratul-Israi, aya ya 36, atukataza kufuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na kutuonya ya kwamba masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Tazameni jinsi aya hizi mbili zinavyoandamana. Ya kwanza yatwambia kwamba hisi ni neema, na ya pili yatwambia kwamba ni amana. Mwenye kupewa neema hushukuru, na mwenye kuwekewa amana huhesabiwa.

Na elimu ya leo yazidi kutuonyesha ukubwa wa neema hiyo. Mtoto husikia angali tumboni, katika miezi ya mwisho ya mimba, na azaliwapo huwa aitambua sauti ya mamake miongoni mwa sauti nyingine. Macho yake bado huwa dhaifu. Huona kwa uafadhali kitu kilicho karibu tu, kadiri ya sentimita 20 hadi 30. Na masafa hayo ndiyo yaliyo baina ya uso wa mtoto anyonyaye na uso wa mamake. Basi uso wa kwanza auonao binadamu ni uso wa mwenye kumhurumia. Subhanallah!

Sasa jueni ya kwamba wataalamu wa elimu hii hupambanua mambo mawili ambayo sisi aghlabu twayachanganya. La kwanza ni kuhisi, na la pili ni kutambua. Kuhisi ni kazi ya jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi: kupokea nuru, sauti, harufu, ladha na mguso, na kupeleka khabari zake ndani. Kutambua ni kazi ya ubongo: kuzipokea khabari hizo, kuzipanga, kuzilinganisha na zile ilizokwisha kuzijua, kisha kutoa hukumu kwamba kitu hiki ni mti, na hiki ni mtu, na huyu ni fulani.

Tulitwae jicho liwe mfano. Nuru huingia kwa mboni, ikapita kwenye lenzi, ikaangukia utando ulio nyuma ya jicho. Na picha inayoandikwa hapo huwa imepinduliwa, juu chini na kulia kushoto. Katika utando huo mna chembe zaidi ya milioni 100 zinazopokea nuru. Zilizo nyingi ni za kuonea katika mwangaza hafifu, nazo hazipambanui rangi. Na zilizo chache, kadiri ya milioni 6, ni za kuonea mchana na kupambanua rangi. Ndiyo maana usiku kanzu ya kijani na kanzu ya buluu huwa sawasawa machoni. Kisha khabari za chembe hizo zote huchukuliwa na mshipa wa fahamu wenye nyuzi kadiri ya milioni moja tu. Basi hata kabla ya kufika ubongoni, khabari imekwisha kufupishwa.

Na sikio ni vivyo hivyo. Mtikisiko wa hewa hugonga kiwambo, kiwambo kikatikisa mifupa mitatu iliyo midogo kabisa mwilini, nayo ikatikisa maji yaliyomo katika mrija uliojikunja kama konokono, na humo vinyweleo visivyoonekana kwa jicho hugeuza mtikisiko kuwa khabari ya kupelekwa ubongoni. Sikio la kijana mzima husikia mitikisiko kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Iliyo chini ya hapo au juu ya hapo ipo, lakini sisi hatuisikii. Popo wapitao juu ya vichwa vyetu magharibi wapiga kelele nyingi ambazo kwetu ni kimya kitupu.

Na ubongo wenyewe umefungiwa ndani ya fuvu, mahali penye giza. Haujapata kuona nuru hata siku moja, wala kusikia sauti. Mfano wake ni mfano wa kadhi aliyeketi katika chumba kisicho na dirisha, akaletewa nyaraka na wajumbe watano kutoka nje. Kadhi huyo hakuona tukio, ameona waraka. Palipopunguka neno, yeye hulijaza kwa ayajuayo. Palipofutika mstari, hukisia. Kisha atoa hukumu, na hukumu hiyo ndiyo sisi tuitayo kuona.

Haya si maneno mapya yaliyoletwa na Wazungu. Aliyeyafungua ni Mwislamu, Abu Ali al-Hasan bin al-Haytham, aliyezaliwa Basra kadiri ya mwaka 965 na kufa Misri kadiri ya mwaka 1040. Kabla yake walikuwako wanavyuoni wakubwa wa Kiyunani waliosema kwamba jicho hutoa miale, na miale hiyo ndiyo igusayo vitu. Yeye akabainisha ya kwamba nuru ndiyo iingiayo jichoni, na miongoni mwa hoja zake ni hii: mtu akilikazia jua macho, macho humuuma, na vipi kitu kimwumize ikiwa hakikumwingia? Kisha akaendelea mbele zaidi. Katika Kitabul-Manadhir alieleza kwamba si kila tukionacho twakiona kwa hisi tupu. Vingi twavitambua kwa kukumbuka, na kupambanua, na kufanya kiasi, na kwamba akili hufanya kiasi hicho kwa haraka hata mtu hajui kwamba amekifanya. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel. Mwaka 1867 Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipokamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya kuona, naye alisema jambo kama hilo: kutambua ni kukata hukumu pasina mtu kujijua kwamba anahukumu. Baina ya wawili hawa ni zaidi ya miaka mia nane.

Na asiyesadiki naajaribu mwenyewe nyumbani kwake, kwani elimu hii haina haja ya vyombo vya thamani.

Jaribio la kwanza. Weka bakuli tatu mezani: moja ina maji ya moto yasiyounguza, moja ina maji ya baridi, na ya katikati ina maji ya vuguvugu. Tia mkono mmoja katika moto na mmoja katika baridi, usubiri kadiri ya dakika moja au mbili, kisha uitie yote miwili katika vuguvugu. Mkono uliotoka motoni utakwambia: maji haya ni ya baridi. Mkono uliotoka baridini utakwambia: maji haya ni ya moto. Maji ni mamoja, bakuli ni moja, na mwenye mikono ni mtu mmoja, lakini mashahidi wake wawili wamekhitilafiana. Wala hapana kati yao aliyesema uwongo. Kila mmoja amehukumu kwa kule alikotoka.

Jaribio la pili. Chora juu ya karatasi nyeupe alama ya kujumlisha upande wa kushoto, na doa jeusi upande wa kulia, na baina yao sentimita 8. Fumba jicho la kushoto, ukaze la kulia juu ya ile alama ya kujumlisha, kisha uisogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ifikapo kadiri ya sentimita 30, doa litatoweka. Pahala pale utoka mshipa wa fahamu nyuma ya jicho hapana chembe za kuonea, na jambo hili liligunduliwa na Mfaransa Edme Mariotte katika miaka ya 1660. Lakini la ajabu si kwamba doa limetoweka. La ajabu ni kwamba pahala pake huoni tundu; waona karatasi nyeupe. Kadhi amekuta waraka umetoboka, akaujaza mwenyewe, wala hakukwambia.

Jaribio la tatu. Mwezi wa kumi na nne uchomozapo baharini, huonekana mkubwa kama sinia. Na ukifika juu utosini, huonekana mdogo. Nyosha mkono wako, ufumbe jicho moja, na uupime mwezi kwa ncha ya kidole kidogo hapo uchomozapo. Kisha uupime tena usiku wa manane. Utaona kipimo ni kimoja. Mwezi haukukua wala haukupungua; ni hukumu yako iliyobadilika. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kuzindua juu ya mlango huu katika kitabu chake al-Munqidh, alipotaja kivuli tukionacho kimesimama nacho kinakwenda, na nyota tuionayo kadiri ya dinari nayo, kwa dalili za hisabu, ni kubwa kuliko ardhi.

Na mizani ya mkono haina hali bora kuliko mizani ya jicho. Ernst Weber, mwalimu katika mji wa Leipzig, alieleza mwaka 1834 ya kwamba hatutambui kiasi kilichozidi, bali twatambua kiasi hicho kikilinganishwa na kile tulichokuwa nacho. Aliyeshika kilo moja akiongezewa gramu 100 atajua. Aliyejitwika gunia la kilo 50 akiongezewa gramu zizo hizo hatajua. Basi tusistaajabu kwamba Mola wetu alituamrisha kuweka mizani na kuisimamisha kwa uadilifu. Hakutuachia mikono yetu ihukumu.

Hayo yote ni makosa yanayompata mtu asiyekuwa na lolote moyoni. Je, ikiwa moyo una jambo lake? Hapa, ndugu zangu, ndipo penye khatari.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walieleza jaribio walilofanya katika Chuo Kikuu cha Harvard. Waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira, wengine wamevaa nguo nyeupe na wengine nyeusi, wakawataka watazamaji wahesabu pasi za kundi moja. Katikati ya mchezo, mtu aliyejivika ngozi ya sokwe akaingia, akapita baina ya wachezaji, akatoka upande wa pili. Kadiri ya nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yalikuwa wazi, na sokwe alikuwa mbele yao. Lakini moyo ulikuwa katika kuhesabu. Basi mtu aweza kutazama asione.

Na aweza pia kuona kisichokuwapo. Imesimuliwa katika vitabu vya wasifu wa wanavyuoni ya kwamba watu walitoka kuangalia mwezi wa Ramadhani, na miongoni mwao alikuwa Sahaba mtukufu Anas bin Malik (r.a.), naye amekaribia umri wa miaka mia. Anas akasema kwamba ameuona, akawa anawaonyesha kwa kidole, na wenziwe hawaoni kitu. Pale palikuwa na Iyas bin Muawiya, aliyekuwa kadhi wa Basra, mtu mashuhuri kwa werevu. Iyas akamtazama mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejipinda mbele ya jicho lake. Akaupangusa kwa adabu na kuulaza mahali pake, kisha akamwomba atazame tena na awaonyeshe mwezi. Anas akatazama, akasema kwamba hauoni.

Nataka mzingatie adabu iliyomo katika kisa hiki. Iyas hakumwambia Sahaba wa Mtume kwamba anasema uwongo. Jambo hilo haliwezekani. Wala hakuwaamrisha watu wafunge kwa kuwa msemaji ni mtukufu. Alitafuta unywele. Sisi twadhani kwamba watu ni wawili tu, msema kweli na mwongo. Ndipo tukigombana kila mwaka juu ya kuandama kwa mwezi, kila upande ukiutuhumu wa pili dini yake. Lakini yuko mtu wa tatu, naye ni msema kweli aliyekosea. Mtu huyo yuko katika kila mtaa, na aghlabu ni mimi na wewe.

Tena kuna balaa jingine, nalo ni kwamba kumbukumbu hubadilika baada ya tukio. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari mawili yaliyogongana. Wanafunzi 50 waliulizwa mwendo wa magari yalipogongana. Na 50 wengine waliulizwa mwendo wake yalipopondana. Neno moja tu lilibadilishwa. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika wale wa “kugongana”, 7 walisema waliviona. Katika wale wa “kupondana”, 16. Na katika filamu hiyo hamkuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja. Neno la muulizaji liliingia sikioni, likakaa kwa siku saba, likatoka limekuwa kitu kilichoonwa kwa macho.

Nami, ndugu zangu, sisemi haya kwa kuwa nimeyasoma tu. Nilipokuwa kijana, viatu vipya vya mtu mmoja vilipotea mlangoni pa msikiti baada ya sala ya isha. Palizuka maneno, watu wakaulizana; na mimi nikasema kwamba nimemwona mtoto fulani, yatima aliyelelewa na nyanya yake katika mtaa wetu, akienda mbio kichochoroni na viatu mkononi. Nikaambiwa: Una hakika? Nikajibu: Nimeona kwa macho yangu. Na nikaapa. Sikuwa na uadui na mtoto yule, wala sikukusudia uwongo. Usiku ule ule alipigwa makofi mbele za watu. Asubuhi akatolewa chuoni. Na nyanya yake akawa hapiti barazani ila ameinamisha kichwa.

Siku ya tatu akaja mzee mmoja mwenye macho dhaifu, amevishika vile viatu mkononi, aomba radhi kwamba alivivaa kwa makosa kwa kuwa vyafanana na vyake. Ikabainika kwamba kile alichokuwa nacho mtoto ni mikate miwili ya mofa iliyofungwa karatasini, naye alikimbia ili imfikie nyanya yake ingali moto.

Nimelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi. Jicho langu siku ile halikukosea. Lilileta khabari ya kweli: mtoto, mbio, kichochoro chenye giza, kitu mkononi. Halikuleta viatu. Viatu nilivisikia baadaye, pale watu walipoanza kuuliza, na moyo wangu ukavitia katika ule mkono ambao jicho liliuacha wazi. Nilipoapa, niliapa kwa lile nililolisikia, nami nikidhani naapa kwa lile nililoliona. Nilimwendea mtoto kumtaka radhi. Akanijibu: “Nimekusamehe, kaka, lakini chuoni sirudi.” Wala hakurudi.

Basi angalieni sharia yetu ilivyolijua tangu zamani hili ambalo wataalamu walithibitisha jana. Suratul-Hujurati, aya ya 6, yatuamrisha tuthibitishe khabari ijapo kwetu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na aya ya 12 yatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi. Katika jambo la mali Qur'ani yataka mashahidi zaidi ya mmoja. Katika kumtuhumu mwanamke mtahirifu yataka mashahidi wanne, na mwenye kusema pasina kuwaleta hupigwa fimbo 80, na ushahidi wake haukubaliwi. Haya si mazito kwa kuwa Waislamu wote ni waongo. Ni mazito kwa kuwa jicho moja ni jicho moja, na moyo hauachi kujaza tundu.

Na kisa cha Ifki ndicho funzo kubwa kuliko yote. Bibi Aisha (r.a.) aliachwa nyuma na msafara alipokuwa akitafuta kidani chake kilichopotea, Safwan bin al-Muattal (r.a.), aliyekuwa akija nyuma ya jeshi, akamkuta, akampandisha ngamia wake, akamwongoza mpaka wakaufikia msafara. Watu waliona nini? Waliona ngamia, na juu yake mwanamke, na mbele yake mwanamume ameshika hatamu. Hayo ni kweli tupu. Yaliyozidi hapo hayakuonwa na jicho lolote. Yalizuliwa na nyoyo na kuenezwa na ndimi. Na kwa muda wa kadiri ya mwezi mmoja nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikaa katika huzuni, mpaka Mwenyezi Mungu akateremsha kutakasika kwake katika Suratun-Nuri. Ikiwa nyumba ile haikusalimika na kiasi cha haraka cha wenye kutazama, itasalimika nyumba ya nani?

Leo hali yetu imekuwa nzito zaidi. Zamani maneno yalikwenda kwa miguu, kutoka baraza hii mpaka baraza ile. Sasa picha hurushwa kwa simu ya mkononi, na kabla ya adhana ya pili mji mzima “umeona”. Nao umeona nini? Umeona nukta chache zilizokatwa katika jambo la saa nzima, na juu yake pameandikwa neno la kukwambia uone nini. Kijana aitwa mwizi sokoni, na kila ajaye ampiga, naye hajui ameiba nini. Na hapa pwani petu, upande wa Kilifi, wazee wamepoteza roho zao kwa kutuhumiwa uchawi. Jicho lililomwona kizee akipita usiku lilileta khabari ya kizee apitaye usiku, na zaidi ya hapo halikuleta kitu. Uchawi ulitoka wapi?

Huenda mtu akasema: Ikiwa mambo ni haya, basi tusisadiki tena macho wala masikio. La, hayo siyo. Kwa macho twaitambua alfajiri, na kwa masikio twaisikia adhana, na Qur'ani yenyewe kila mara yatwamrisha tutazame mbingu na ardhi na yaliyomo. Mwenye duka akijua kwamba mizani yake yapungua, haitupi baharini. Huijaribu kwa mawe yaliyo sahihi, akajua kosa lake ni kiasi gani, kisha akapima kwa haki. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa hisi zetu. Kabla hujafungua kinywa kusema “nimeona”, jiulize mambo manne.

La kwanza: nilikuwa mbali kadiri gani, na mwangaza ulikuwaje? La pili: moyoni mwangu mlikuwa na nini kabla ya kutazama, hofu, au chuki, au hamu ya kuona jambo lenyewe? La tatu: ni lipi lililoingia jichoni, na ni lipi nililolizidisha mimi? Sema la kwanza, na la pili ulinyamazie. La nne: tangu siku ile, nimesikia maneno ya nani juu ya jambo hili, na je, hayakuchanganyika na niliyoyaona?

Na wewe unayeonwa, una wajibu wako vilevile. Usiku mmoja Mtume (s.a.w.) alikuwa akimsindikiza mkewe Bibi Safiyya (r.a.), wakapita watu wawili wa Kiansari. Akawaita, akawabainishia kwamba mwanamke huyo ni Safiyya, kwa kuchelea shetani asije akawatia jambo nyoyoni mwao. Yeye aliye mwaminifu wa waaminifu hakuona vibaya kujieleza, basi sisi ni nani hata tujivune na kusema: Atakayedhani naadhani?

Ndugu zangu, siku itafika ambapo ndimi zitafungwa, na masikio na macho na ngozi zitatoa ushahidi wake mbele ya Hakimu asiyehitaji waraka wala mjumbe. Siku hiyo jicho langu litasema: Mimi nilimpelekea mtoto, na mbio, na kitu mkononi, sikumpelekea viatu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa lile nililoongeza. Nawe, unaposoma haya, kama kuna mtu uliyemsema kwa kitu ulichodhani umekiona, na yeye bado yu hai, basi mwendee leo kabla ya magharibi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin.